Kanga Tatu za Tulipu

Nina miaka kumi na minane na nimestaafu. Neno hilo si langu. Ni la Bwana Seif, mwenye duka, aliponiona nimekuja kuaga. "Basi Naomi, umestaafu," akasema, akanipa mkono kwa heshima kama apewavyo karani mkuu wa boma. Mkewe, Bi Salma, akamwambia asinicheke. Nami sikuona kichekesho. Nilianza kazi nikiwa darasa la tisa, nikaifanya kila Jumamosi na kila likizo mpaka nikamaliza la kumi na mbili, na sasa naenda chuo cha ualimu, Bara. Miaka minne kwenye kazi ya kushukiwa si michache.

Nafasi yangu wanaichukua wasichana wawili, Zena na Hawa. Waliniomba niwaeleze kazi ilivyo, lakini mie nikiwa mbele ya watu wawili ulimi hunikauka, na wakifika watatu natafuta pa kujificha. Kuandika ndiko ninakoweza, nimezoea shajara tangu mdogo. Kwa hiyo Zena, Hawa, someni hapa. Mkimaliza msimwonyeshe mtu wa barazani. Mtaona kwa nini.

Mshahara sitautaja, na vyeo havikuwapo. Palikuwa na Bwana Seif, Bi Salma, cherehani, na mie.

Duka lenyewe mnalijua: mafuta ya taa upande huu, sukari na unga upande ule, na kanga zimetundikwa mlangoni. Watu wengi wa Temeke wanadhani kanga zinatoka mjini tayari zimekamilika, kama embe. Sivyo. Binamu yake Bwana Seif ana duka la jumla kule mjini, naye ndiye anayeagiza kutoka kiwanda cha Uholanzi. Kiwanda kinaweza kuchora pindo la kuzunguka, kinaweza kuchora mji, yaani picha ya katikati, lakini jina, yaani yale maneno ya chini, hakiwezi. Na binamu naye hawezi. Alijaribu mara moja akaandika "Karibuni dukani," na kanga zile mpaka leo zinafutiwa vyombo. Basi majina yakawa yanatungwa hapa kwetu, kwenye baraza ya Bi Salma, wanawake wanakokuja kupindiwa kanga zao na kusengenya. "Mjini wana magari," Bi Salma husema, "sie tuna maneno."

Siku ya kwanza alinileta baba. Sie ni watu wa Upare, baba ni karani, na Bwana Seif alikuwa akitafuta mtu wa kumsomea barua za kiwanda za Kiingereza. Njiani baba alitangulia mpaka tulipofika karibu na bomba la maji. Hapo akasimama. "Utasoma barua," akaniambia. "Hutasoma mambo ya watu." Nikaitikia. Sikujua kwamba ndani ya duka lile hivyo viwili havitenganishwi.

Bi Salma naye hakunipokea kwa mikono miwili. Nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba huku akinitazama miguu, kisha msalaba shingoni, kisha akamtazama mumewe kwa namna ya kuuliza huyu umemwokota wapi. Halafu akanitupia kanga.

"Soma."

Nikasoma. Ilikuwa methali ya kawaida, kitu juu ya maji na mtungi.

"Haya. Aliyevaa hiyo anamsema nani?"

"Hamsemi mtu, mama. Ni methali tu."

Alicheka mpaka akashika cherehani asianguke. "Mwanangu," akasema, "hakuna kanga isiyomsema mtu. Kama humjui anayesemwa, basi ni wewe."

Hilo ndilo somo la kwanza, nawapeni kama nilivyopewa. Jina hukaa nyuma, chini ya kiuno, kwa hiyo anayesemwa hulisoma mwenzake akishampita, na hapo hawezi tena kumjibu usoni. Ndiyo maana mnunuzi wa kanga hanunui upesi. Ataigeuza, atasoma jina, atanyamaza, atafikiri nani atamwona nayo, atasoma tena. Msimharakishe. Na akiuliza, "Jina hili lilitungwa kwa ajili ya nani?" jibuni, "Lilikuja na meli." Bi Salma alinifundisha jibu hilo na nimelitumia mpaka limechakaa.

Somo la pili ni kulionja jina. Hatuandiki jina tukalipeleka hivi hivi. Kwanza Bi Salma hulitia kwenye mazungumzo kama aliyeliwaza pale pale, akiwa anakata nyuzi au anatafuta chaki, bila kuwatazama waliopo. Watu wakinyamaza, halifai. Wakicheka, bado. Tunasubiri. Siku mmoja wao akija barazani akalisema mwenyewe, kwa jambo lake mwenyewe, bila kukumbuka alilipata wapi, hapo Bi Salma hunitupia jicho. Jina limeiva. Naliandika kwa herufi kubwa, linapelekwa mjini, na kutoka mjini linapanda meli. Kurudi likiwa kwenye kitambaa huchukua muda mrefu sana, hata tunakuwa tumelisahau. Likumbukeni jambo hilo la muda. Ndilo lililotuponza.

Sasa tulipu.

Mwaka wangu wa kwanza Bwana Seif aliagiza ua la mkomamanga, jekundu, na jina tukalitia "Komamanga la kwangu, mate ya nini wenzangu?" Lilikuwa limeiva vizuri. Mzigo ulipofunguliwa barazani walikuwapo wanawake wengi, na wa mbele yao wote Bi Mwanaidi. Mtamfahamu. Ni yule mrefu anayekaa karibu na bomba, sauti yake hufika kabla yake. Yeye na Bi Salma walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakaolewa mwaka mmoja. Bi Salma hakujaliwa mtoto na hana ndugu hapa Dar es Salaam. Alipofiwa na babake, Bi Mwanaidi ndiye aliyelala naye kitanda kimoja siku zote za matanga. Alikuwa haingii dukani kwa hodi. Anaingia tu.

Alinyanyua kanga ya kwanza, akaitazama, akaishusha.

"Bwana Seif, hili ni komamanga?"

"Ndilo."

"Lina shingo."

"Ni la Uholanzi, labda kule yana shingo."

"Hili si ua, baba. Hiki ni kikombe." Akaigeuza kwenye mwanga. "Tena hiki ni kikombe cha mvinyo. Kaka yangu amefanya kazi ya upishi kwa Wazungu wa Oysterbay, nimeviona vimepangwa kabatini kama askari. Mnataka nisali nina glasi ya mvinyo kiunoni?"

Baada ya hapo usingeweza kumwuzia mtu. Kila aliyeitazama aliona glasi. Mmoja akasema ameona hata mvinyo wenyewe ndani. Mwisho Bwana Seif akazipeleka Keko kwa wanawake wa Kikristo waliotoka Bara, na zikaisha. Baba aliposikia alikunja gazeti. "Kwa hiyo sie ndio walevi," akasema.

Bwana Seif aliamini amedhulumiwa. Akaniamuru niandike barua kali kwa Kiingereza, nikaandika ya kati. Jibu likaja: mchoraji hakupata kuliona ua la mkomamanga, na kwa kuwa aliambiwa ni jekundu na lina umbo la kikombe, akachora lile alilolijua, tulipu. Ndani ya bahasha wakatia na katalogi ya muuza maua, yenye picha za rangi, ili tuamini kwamba kitu hicho kipo duniani.

Hatukuamini sana. Lakini picha zilikuwa nzuri, na Bwana Seif ni mfanyabiashara. Akaniambia, "Binti, hebu soma yote yaliyoandikwa juu ya ua hili. Tujue linamsema nani." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo nadhani hakuna msichana mwingine wa Temeke aliyepata kuifanya: kusoma habari za tulipu.

Nilianza na katalogi. Sijaona katalogi ya nyanya ikiandikwa vile. Kila ua lilikuwa malkia au binti wa mfalme, hakuna hata moja lililokuwa ua la kawaida. Nikashuku. Nikahamia kwenye maktaba ya shule, na humo nikakuta kitabu kikubwa kinachosema kwamba zamani Waholanzi walishikwa na wazimu juu ya tulipu, mtu akawa anatoa nyumba yake apewe tunguu moja ambalo hata halijachipua, na wengine wakafilisika kabla ya kuliona ua. Hilo nililitafsiri barazani kwa sauti ndogo, nikitazama chini.

"Nyumba?" akasema Bi Mwanaidi. "Kwa kitunguu?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, mama."

"Na aliyekiandika alikuwa anauza nini?"

"Hawakusema."

"Vitunguu," akasema. "Niulize mie."

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliniazima mashairi. Humo tulipu limewekwa karibu na waridi na kazi yake ni kukaripiwa: lina uzuri, halina harufu, linajivuna, litakufa. Nilisoma la kwanza nikalihurumia. Nilipofika la nne nikaanza kuwashuku washairi, maana walikuwa wanasema jambo lile lile kama majirani waliokubaliana.

Bi Salma alisikiliza yote hayo akipinda. Siku moja, tukiwa peke yetu, akaniambia babake marehemu alikuwa na vitabu vya Kiajemi, na ua hili lilikuwamo. Kwa Waajemi halikaripiwi. Limeota penye damu ya mtu aliyekufa kwa mapenzi, na ukilichungulia ndani utaona pameungua, pana alama nyeusi, ndio moyo wake. Maneno ya shairi hakuyakumbuka. Alikumbuka tu kwamba baba yake akifika hapo alikuwa anaacha kusoma, anatazama nje kwa muda, kisha anafungua ukurasa mwingine. "Na mie nilikuwa namtazama mama," akasema, "kama naye ametazama nje."

Kwa hiyo ndivyo hali ilivyo, Zena na Hawa. Muuza maua anasema ni malkia, mwandishi wa historia anasema ni wazimu, Mwingereza anasema lina kiburi, Mwajemi anasema limeungua. Hawapatani hata wawili, na sina hakika ni wangapi kati yao walipata kulishika. Mie sijalishika. Lakini dunia ikiwa imeandika yote hayo, sie nasi tukaona tuongeze letu.

Kanga ya pili ya tulipu ilikuwa ya zambarau, na jina nililitunga mwenyewe kutokana na wale washairi wa Kiingereza: "Sina harufu lakini mwanitazama." Bi Salma alilionja kwa kumwambia mtu aliyesifia kanzu yake kuukuu. Likaiva upesi ajabu. Kanga zilipofika sikuthubutu kutoka nje, nilijificha nyuma ya pazia nikawasikiliza wanunuzi wanavyolisoma jina, na ninakiri nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya mtihani. Mteja mmoja tu aliirudisha. Alisema mumewe alisoma, akafikiri, akamwuliza nani kamwambia ananuka hata ajitetee. Tukambadilishia. Mteja wa namna hiyo mbadilishieni, msibishane naye. Ukibisha utaambiwa kumbe ulimkusudia.

Baada ya hapo Bi Salma akataka la Kiajemi. Lile lililoungua. Bwana Seif akaniandikisha maelezo kwa mchoraji: ua litazamwe kutoka juu, limefunguka, la manjano, na katikati weusi. Jina likatusumbua. Tulitupa mengi. Mwisho Bi Salma akalipata akiwa anasugua kola ya mumewe: "Doa la moyoni halina sabuni."

Akalionja taratibu. Kila zilipotajwa nguo, alilitia. Wanawake walicheka kidogo, wengine wakaguna. Tukasubiri. Siku moja Bi Mwanaidi alikuja na shati la mwanawe lenye mafuta ya baiskeli, akalikunjua mbele yetu kwa hasira. "Tazameni! Doa hili ni kama la moyoni, halina sabuni," akasema, akaendelea kumtukana mwanawe. Bi Salma akanitupia jicho. Nikaandika.

Likapanda meli. Tukasahau, tukatunga mengine.

Katika kipindi hicho mumewe Bi Mwanaidi, Mzee Athumani, msimamizi wa makuli bandarini, akaanza kuonekana akienda upande wa barabara ya Pugu siku ambazo hakuwa na safari. Sie hatukuuliza. Kisha mchana mmoja, baraza ikiwa tupu, Bi Mwanaidi aliingia, akakaa chini badala ya kitini. Nilikuwapo natunga uzi kwenye sindano. Alinitazama, Bi Salma akasema, "Huyo ni kaburi," naye Bi Mwanaidi akaeleza.

Mzee Athumani alikuwa ameoa Gongo la Mboto. Kwa siri. Na mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa.

"Hajui mtu, Salma. Mama yangu hajui. Ukinipenda, pasijue mtu."

"Atoke wapi wa kujua?"

"Nimemsamehe. Nitampikia, nitamfulia, nitamnyooshea na kofia. Ila moyoni hapa pana doa." Akajipiga kifuani. "Na doa la moyoni halina sabuni."

Aliyasema yale maneno akilia, na yalikuwa yake kabisa. Mtu asingeweza kusema si yake. Mie niliendelea kutunga uzi ambao ulikuwa umeshapita, na Bi Salma hakuthubutu kunitazama.

Mzigo ulipofika tuliujua kabla haujafunguliwa vizuri. Manjano, na katikati weusi. Bi Salma alisema, "Seif, zifiche." Bwana Seif akasema atazificha, lakini binamu yake alikuwa ameshazisambaza Kariakoo, Ilala, kote. Hatukupata muda hata wa kufikiri. Bi Mwanaidi alilisoma jina lile bombani, limevaliwa na mwanamke asiyemjua, aliyeinama anajaza ndoo.

Alikuja moja kwa moja. Ndoo hakuja nayo. Barazani walikuwapo watu.

"Salma. Nilikuomba nini?"

"Ingia ndani, shoga yangu."

"Siingii. Nilikuomba nini?"

"Mwanaidi, hebu…"

"Wenzangu wakisema siri zao, zinaishia kwa jirani. Yangu mmeichapisha Uholanzi!"

Bwana Seif alitoka nyuma ya kaunta. "Bi Mwanaidi, wallahi kanga hizi ziliagizwa zamani. Nina karatasi za mzigo, njoo nikuonyeshe…"

"Karatasi za dukani huandikwa dukani, Bwana Seif." Kisha akanigeukia mie, na hapo nilitamani ardhi ipasuke. "Na wewe! Kaburi! Kimya kimya hapo na sindano, kumbe unachukua. Mchana unatusomea vitunguu, jioni unatuandika."

Wanawake waliokuwapo walikunja kanga zao zilizokuwa hazijamalizwa wakaondoka nazo, sindano zikiwa bado ndani.

Hawakurudi. Mjue jinsi baraza inavyokufa: haifi kwa kelele. Watu wanakuja kununua sukari, wanasema kuhusu sukari, wanaondoka. Wakipita mbele yangu walinyamaza kwanza, wakaanza kusema tena walipofika mtaroni. Hata nyumbani mama aliniuliza, akikoroga mboga, kama kweli naandika watu. Majina mapya hatukupata hata moja, lakini hilo si lililomwumiza Bi Salma. Alikuwa akisikia sauti ile kubwa ya Bi Mwanaidi ikija kutoka bombani, anaacha cherehani, anasubiri, na sauti inapita. Alianza kukonda. Alimpelekea Bi Mwanaidi salamu kwa watu, zikarudi. Alimpelekea chakula, sahani ikarudi imefunikwa vile vile ilivyokwenda.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, kwa sentensi nzima, jambo nisilolizoea. "Bi Salma, mwambie ukweli. Mwambie jina lilikuwa letu kwanza. Yeye ndiye aliyelichukua kwetu. Siku ya lile shati! Mkumbushe shati."

Aliacha kusokota uzi. "Nimkumbushe?"

"Ndiyo. Ataelewa hatukumwiba."

"Naomi, mwanangu. Mumewe kamwibia. Miaka yake kaibiwa. Amekuja hapa na maneno yake matatu manne ya kulilia, ameyatoa kifuani. Nimwambie hata hayo si yako, uliyaokota dukani kwangu, tulikuwa tunayaonja kama vitafunio vya ladu?" Akatikisa kichwa. "Bora aniite mwizi."

Nilikwenda nyumbani nikalifikiria jambo hilo siku nyingi. Katika mashairi yote niliyosoma sikuona mtu aliyemwachia mwenzake maneno.

Asubuhi moja niliingia dukani nikamkuta ametoa doti moja katika zile zilizofichwa. Amekata, amepinda, kipande kimoja amejifunga kiunoni, cha pili amejitanda. Ua jeusi moyoni lilikuwa mgongoni, na jina chini yake likisomeka kutoka mbali.

"Unakwenda wapi nayo hiyo?"

"Bombani," akasema. "Na wewe leo fanya ile kazi unayoiweza. Usiseme kitu."

Alikwenda bombani, mtu mwenye bomba lake uani. Akaenda sokoni. Akapita mbele ya nyumba ya Bi Mwanaidi polepole kama mgonjwa, akarudi kwa njia ile ile ili asomwe mara mbili. Kesho yake akaivaa tena.

Temeke haikuhitaji zaidi. Mwanamke wa duka la kanga, mwenye kuchagua jina lolote alitakalo, amechagua lile. Mumewe basi. Kwanza ilisemwa Bwana Seif ana mtu Ilala. Baadaye ikawa Kinondoni, na kuna aliyeapa kwamba ni huko Tegeta kwenye minazi, kwa kuwa wanaume wenye aibu huenda mbali. Mama mmoja alikuja kununua mafuta ya taa, akamtazama Bwana Seif usoni kwa muda. "Hata wewe?" akasema, akaondoka na chupa tupu. Bwana Seif alibaki ameshika faneli.

"Binti," akaniita. "Wana nini hawa?"

"Sijui, Bwana Seif." Jibu la meli lisingefaa.

Bi Mwanaidi alikuja saa ya alasiri. Nilimsikia, nikafikiri anapita kama kawaida yake mpya, lakini hatua zilipanda baraza. Hakubisha hodi. Alikuwa na sahani ya vibibi vya unga wa mchele amefunika kwa kawa. Akaipita kaunta bila kumsalimu Bwana Seif, tena kwa kuonyesha kwamba hamsalimu, akaingia chumba cha nyuma, akaiweka sahani juu ya cherehani.

"Tangu lini?" akauliza.

Bi Salma akaishika sahani kwa mikono miwili.

"Salma, tangu lini? Na mie nikakutukana mbele za watu. Kumbe uliandika lako!"

Bi Mwanaidi akakaa kitini karibu naye.

"Mie nilikwambia langu. Nilikaa hapa chini nikakwambia. Wewe ulikuwa unanisikiliza na lako limo ndani, usiseme. Kwa nini usiniambie, shoga yangu? Tungelia pamoja tukamaliza."

Hapo Bi Salma akalia. Mie nimemwona akilia kwa wateja, akitaka kuuza kanga ya msiba, nakijua kilio kile. Hiki hakikuwa kile. Kilitoka chini, kikamtikisa mabega, akashindwa kuvuta pumzi. Bi Mwanaidi akamkumbatia, naye akalia, wakawa wanafutana kwa pindo lile lile la manjano, na mie nimesimama na birika la chai sijui niliweke wapi. Sikujua analilia nini. Labda ni furaha ya kumpata mwenzake. Nilijiambia ni hilo.

Wakala vibibi. Kabla ya kuondoka Bi Mwanaidi alinishika kidevu. "Na wewe unisamehe, mwanangu. Kumbe ulikuwa kaburi la wawili." Akatoka, akampita Bwana Seif tena vile vile, na sauti yake ikaanza kumwita mtu kabla hajafika barabarani.

Bwana Seif akafunua pazia.

"Salma. Nimefanya nini mie?"

"Hujafanya kitu."

"Mbona mji mzima unanitazama kama mwizi wa kuku? Mbona yule hanisalimu? Amenipima kwa macho hapa kutoka kichwani mpaka miguuni!"

Bi Salma alikuwa anapangusa makombo juu ya cherehani. Uso wake ulikuwa umevimba, lakini sauti ilikuwa imerudi, ile ya kuuzia.

"Nimekuuza, mume wangu," akasema. "Lakini nimekuuza kwa bei nzuri. Vumilia."

Bwana Seif alimtazama. Akalitazama lile ua kiunoni mwake, akasoma jina kama ndiyo kwanza analiona, ingawa yeye ndiye aliyeliagiza. Akanitazama mie, nami nikatazama birika.

Kisha akacheka. Ila alichelewa kidogo kuanza, na mie nikakumbuka kile kilio cha Bi Salma.